Mbuzi Huyu, Nyama Hii: Dibaji ya Elimu ya Matumbo ya Wanyama wa Mombasa Bara

Uainishaji wa wanyama wa Mombasa bara, tukimaanisha Likoni, Kisauni na Changamwe, hauna budi kuanzia kwenye sarufi, maana sarufi ilifika huku kabla ya daktari wa mifugo. Mbuzi akiwa hai ni wa ngeli ya A-WA: mbuzi huyu anatafuna kanga ya watu, mbuzi hawa wamelala katikati ya barabara. Kisu kikishapita shingoni, anahamia I-ZI: nyama hii ni laini, nyama hii ina mifupa mingi. Uhamisho huo haujadiliwi wala hauna rufaa. Kwa ajili ya utafiti wetu tumeuita Mvuko, kwa heshima ya watu wa Likoni ambao maisha yao yote ni kuvuka. Nao unafanana sana na ule wa feri: una msongamano, una kelele, na daima kuna mtu anayesukuma kutoka nyuma. Tofauti ni kwamba katika Mvuko wa ngeli hakuna anayerudi jioni.

Wanasarufi watatukumbusha kuwa sheria hii ina mianya. Samaki amegoma kabisa kuvuka. Hata akiwa ndani ya sufuria ya nazi na ukwaju bado ni samaki huyu. Kuku naye ni kigeugeu, akishapakwa nazi na kuwekwa mezani kila mtu humwita apendavyo. Tunaikiri mianya hiyo na kupita.

Faida ya Mvuko kielimu ni kwamba unasikika kabla ya kuonekana. Wiki ya kuelekea Idd kubwa, mbuzi wamefungwa kando ya barabara Kisauni, mteja anashuka kwenye tuktuk na kuuliza, "Mbuzi hii ni pesa ngapi?" Muuzaji mwenye sikio la Kimvita anajua mambo mawili papo hapo: mteja si mtu wa hapa, na mbuzi ameshachinjwa, kilichobaki ni kisu tu. Mzee mmoja wa Mtongwe, Likoni, ametuongezea la tatu. Kwa mujibu wake, "mbuzi hii" ni Kiswahili safi kabisa, ila ni ile ya kukunia nazi, na mteja aelekezwe kwa fundi seremala.

Sasa swali la utafiti. Je, kuna njia ya kumvusha mnyama hadi I-ZI, akaangaliwa ndani, kisha akarudishwa A-WA akiwa mzima na hamu ya kula? Ipo. Ni mashine ya CT. Mnyama anaingia, picha inatoka: picha hii, picha hizi. Mwenyewe bado ni huyu.

Kwa msomaji ambaye hajabahatika kuumwa kiasi hicho, tufafanue. Eksirei ya kawaida ni kivuli. Mweke mbuzi mbele ya karabai, utaona ukutani pembe na ndevu, lakini mbavu za kulia zimelalia za kushoto na tumbo lote ni doa moja. CT hufanya kazi kama mwenye duka anayekata boflo. Mrija wa eksirei unamzunguka mgonjwa huku kitanda kikisogea pole pole; vipokezi vya upande wa pili vinapima mionzi mingapi imepenya na mingapi imenaswa njiani; kompyuta inapiga hesabu na kuukata mwili slesi kwa slesi, bila ngozi kuguswa. Unataka slesi ya ini, unaitoa. Unataka ya figo, unaitoa. Ukimaliza, boflo linarudi zima na kudai majani.

Kila kitu ndani ya slesi hupewa namba. Maji ni 0. Hewa ni -1000. Mafuta yako kwenye -100 hivi, na mfupa mgumu hupita 1000. Kwa namba hizi mabishano mengi ya barazani yangekwisha kabla kahawa haijapoa. Ufukweni Pirates, kwa mfano, wako ngamia wanaobeba wageni kwa saa, na ni kawaida mgeni kuelezwa kwamba nundu ni tangi la maji, ndiyo maana bwana huyu hanywi. Nundu hiyo ingepigwa CT ingesomeka karibu -100. Ni mafuta. Tangi lingekauka mbele ya mteja.

Hapa ndipo utafiti wetu unapoingia uchungu, kwa sababu wanyama wanadai. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza ambaye kipimo cha namba hizo kinaitwa kwa jina lake, alianza na chombo cha maabara kilichochukua siku 9 kukamilisha picha moja: vipimo 28,000, na kompyuta ya enzi hizo ikahitaji saa mbili na nusu kuvikokotoa. Ubongo uliohifadhiwa kwenye dawa haukumtosha, maana dawa huugeuza. Alitaka ubongo mbichi, akautafuta kwa ng'ombe. Tatizo likawa kwamba machinjio ya kawaida ya Uingereza humpiga ng'ombe kichwani kwanza ili azimie, na ubongo ukavuja damu ndani. Ikabidi aende kwa wachinjaji wa Kiyahudi, wanaokata koo kwa kisu bila kugonga kichwa. Kisha bwana huyu akavuka London kwa usafiri wa umma, na ubongo wa ng'ombe ndani ya mfuko. Chinjachinja yeyote wa Changamwe angemwelewa Hounsfield bila mkalimani: kichwa hakigongwi.

Tarehe 1 Oktoba 1971 ndipo mama mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo alipolazwa ndani ya mashine katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, akawa mgonjwa wa kwanza. Wa kwanza wa miguu miwili, tuseme. Mwaka 1979 Hounsfield aligawana tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amezipiga hesabu za jambo hilo kivyake miaka ya nyuma. Ng'ombe hakualikwa. Kwa hiyo hoja kwamba CT ni kitu cha binadamu ambacho wanyama wanakiomba kwa hisani imekaa kichwa chini. Ng'ombe ndiye aliyekopesha, na hajalipwa.

Kwa msingi huo tumewagawa wanyama wa bara mafungu manne na nusu.

Fungu la kwanza: wanaoingia tunduni lakini hawaingii mfukoni

Tundu la mashine ya kawaida lina upana wa sentimita 70 hivi. Humo mbuzi hupita bila kuinama, na kondoo, mbwa, sungura, bata mzinga, hata beberu mwenye pembe za kujisifia, akigeuzwa kidogo. Kimaumbile hakuna kizuizi. Kizuizi ni hesabu, nayo tumeona ifanywe kwa sarafu ya mahali, yaani mbuzi.

Picha moja ya CT ya binadamu, katika hospitali ya kulipia, hukaribia bei ya mbuzi mmoja wa wastani. Lakini binadamu huambiwa "vuta pumzi, ishikilie", naye akashikilia. Mbuzi akiambiwa hivyo hulia. Kwa hiyo lazima apewe nusukaputi, na nusukaputi yenye mtu wa kuisimamia tunaikadiria kuwa robo ya mbuzi. Jumla mbuzi mmoja na robo. Mwenye mbuzi wawili akimpiga picha mmoja wao, kimahesabu anabakiwa na robo tatu ya mbuzi, na hiyo robo tatu ndiyo mgonjwa mwenyewe, bado hajatibiwa.

Ulaya na Marekani hesabu hii haiwasumbui sana kwa sababu mbwa anaweza kuwa na bima. Anapigwa picha ya pua akipiga chafya sana, ya uti wa mgongo akivuta miguu ya nyuma, ya mapafu akikohoa. Farasi huingizwa kichwa tu, amesimama, kasinzishwa kidogo, na meno yake ya ndani huonekana mpaka mzizi. Mnyama wa huko hukaa A-WA mpaka kaburini. Wa kwetu huanza kuvuka siku anapokataa majani.

Fungu la pili: wanaopendwa lakini hawaenei

Ng'ombe, punda na ngamia tunawapitia haraka: kichwa huingia, miguu huingia, na kilicho katikati, ambacho ndicho chenye ugonjwa, hubaki nje. Ngamia wa Dubai walifunguliwa hospitali yao mwaka 2017, yenye chumba cha upasuaji cha ukubwa wao. Ngamia wa Pirates hana habari, na tumeona si vizuri kumwambia.

Lakini kuna wawili wa Kisauni ambao ulimwengu mzima uliwafahamu, na ambao elimu hii haiwezi kuwaruka. Desemba 2004, siku moja baada ya tsunami, mtoto wa kiboko aliyekwama baharini karibu na Malindi aliokolewa kwa nyavu na kuletwa Haller Park, Bamburi. Alikuwa yatima mwenye uzito wa karibu kilo 300. Akaitwa Owen. Kabla jua halijatua alikuwa amejificha nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyesemekana kuwa na miaka 130 hivi, na kuanzia hapo akamfuata kama mtoto anavyomfuata mama sokoni: analala anapolala, anakula anachokula. Picha zao zilizunguka dunia.

Picha za nje, tunasisitiza. Za ndani hazikupigwa, nasi tunadai kuwa Mzee ndiye mnyama aliyestahili CT kuliko wote katika pwani hii. Mbuzi unaweza kumbonyeza tumbo. Ng'ombe unaweza kumwekea sikio ubavuni. Kobe amejifungia ndani na ufunguo anao yeye. Mkono haupenyi gamba, kipimo cha ultrasaundi hugonga mwamba na kurudi, na eksirei ya kawaida hulundika gamba la juu na la chini pamoja na kila kilichomo. Ndiyo maana madaktari wa wanyama wenye mashine huipenda CT kwa kobe: inamkata slesi pamoja na gamba lake, na mapafu yanaonekana yalivyotandazwa chini ya paa la nyumba. Ila dume la Aldabra laweza kupita kilo 200, na vitanda vingi vya mashine huanza kulalamika hapo hapo.

Kuna sadfa moja tunaiweka kwa faida ya watoto wa shule. Mwaka 1971, mama yule wa Wimbledon alipokuwa akiingizwa mashinini, René Haller, ambaye Haller Park ina jina lake, alikuwa Bamburi akianza kupanda miti ndani ya machimbo ya kiwanda cha saruji, kwenye matumbawe matupu yasiyo na udongo. Hounsfield alikuwa akitafuta namna ya kuona ndani ya kitu kigumu, Haller namna ya kuotesha kitu juu yake. Haller alifaulu kwa mvinje na jongoo: mvinje zikaota, jongoo wakala majani yake makavu na kutoa udongo. Jongoo hatukumwainisha.

Fungu la tatu: wasio na mwenyewe

Mbwa koko, panya, kunguru. Hawana mwenyewe, kwa hiyo hawana bei, kwa hiyo hawana matumbo. Kunguru wa Bara Hindi, anayewaibia watu mahamri mchana kweupe, alitajwa na serikali katikati ya mwaka 2024 katika mpango wa kuwaua milioni moja kwa sumu. Huyo picha yake haina haraka.

Nusu fungu: paka shume

Jina la zamani la mashine hii, CAT, kwa herufi zake tatu, Waingereza hulisoma sawasawa na jina la paka. Yaani kati ya viumbe wote, paka peke yake ndiye ambaye jina lake limeandikwa mlangoni. Na kweli, ukienda hospitali yoyote ya Mombasa utamkuta amelala kwenye korido yenye marumaru baridi, mkia umepita kizingiti. Hajaitwa. Anangoja zamu yake kwa utulivu ambao wagonjwa wengine hawana. Tumempa nusu fungu kwa sababu amefika nusu ya njia.

Fungu la nne: wanaotupima sisi

Bandarini Kilindini mbwa wa kunusa wa Shirika la Wanyamapori huzungushwa kwenye makontena wakitafuta pembe za ndovu. Morogoro, ndani ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye kifua kikuu. Mmoja wa wanafunzi wake, Magawa, alipelekwa Kambodia akanusa na kufichua mabomu ya ardhini, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu. Hawa wametupita. Sisi hatujui kilichomo ndani ya panya. Panya anajua kilichomo ndani ya mapafu yetu.

Na tukiwa bandarini hatuwezi kunyamazia jambo ambalo kila dereva wa trela wa Changamwe analijua. Kontena la Mombasa hupitishwa kwenye skana ya eksirei: linaendeshwa taratibu, linapigwa mionzi, na ofisa anakaa mbele ya kioo akitazama kilichomo bila kukata lakiri. Halina bei ya mbuzi, halihitaji nusukaputi, na ukubwa wake si tatizo. Kwa hiyo kiumbe wa bara mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuangaliwa tumbo akiwa mzima ni kontena. Ndovu naye anaweza kubahatika, lakini kwa meno yake tu na baada ya kufa. Julai 2013 zilinaswa hapo bandarini tani za pembe zilizofichwa kwenye magunia ya njugu. Njugu zilikuwa zimeandikishwa kama njugu.

Kuhusu vyombo vilivyopo

Isidhaniwe kuwa watu wa bara wamekaa mikono mitupu. Sheria ya kuchinja ya Idd imewafanya kuwa mafundi wa matumbo bila cheti. Mnyama wa udhiya hafai akiwa na chongo ya wazi, kilema cha wazi, ugonjwa wa wazi, au akiwa amekonda hata mifupa yake haina uboho. Matatu ya mwanzo huonekana kwa macho. La nne ni uboho, ndani ya mfupa, ndani ya nyama, ndani ya ngozi, ndani ya mbuzi anayepiga mateke. Karne na karne waumini wametoa hukumu juu ya kitu ambacho Hounsfield alihitaji siku 9 kukikaribia. Chombo chao ni dole gumba. Linawekwa juu ya uti wa mgongo, karibu na kiuno, linabonyezwa. Mfupa ukichoma kidole kama msumeno, mbuzi arudishwe. Kidole kikizama, pesa zihesabiwe.

Umri nao husomwa mdomoni. Mnunuzi anamshika mbuzi taya, anafunua, anaangalia meno ya mbele yapi ni ya utotoni na yapi yamebadilika, na anatangaza: huyu ametimiza mwaka. Muuzaji anaapa mwaka na nusu. Hapo ndipo elimu ya dunia inapotuaibisha kidogo. Mwaka 2014, Napudet, magharibi ya Ziwa Turkana, lilipatikana fuvu la nyani mchanga asiye na mkia, dogo kama limau, la miaka milioni 13. Timu iliyoongozwa na Mkenya Isaiah Nengo ikalipeleka Grenoble, Ufaransa, kwenye mashine ya eksirei inayofanya kazi ya CT kwa ukali usiosemeka, na matokeo yakachapishwa 2017. Mashine iliingia ndani ya meno ambayo hayajachomoza, ikahesabu mistari ya kukua kama pete za mti, na kutangaza kuwa marehemu aliishi siku 485. Siku! Mkenya huyo wa Napudet alikufa miaka milioni 13 iliyopita na umri wake unajulikana kwa siku, na mbuzi aliye hai mtaani Mjambere, mwenye bei mkononi, umri wake ni kiapo.

Tumbo hupimwa kwa kofi. Ubavu wa kushoto ukivimba na ukiupiga ukalia kama ngoma, kuna hewa. Ukiwa mzito kama unga uliokandwa, kuna shehena. Kwa ng'ombe kuna mbinu ambayo tungetamani tungeibuni sisi: akishukiwa kuwa amemeza misumari na waya, hulishwa sumaku, nayo hukaa kwenye tumbo lile lenye vyumba kama sega la nyuki, ikivikusanya vyuma visije vikatoboa kuelekea moyoni. Baadaye daktari akitaka kujua kama sumaku ingalipo, hutoa dira na kuiweka karibu na kifua. Sindano ikigeuka, ipo. Ni mashine ya picha isiyo na picha, haitumii umeme, na nahodha yeyote wa jahazi anaijua.

Mfano mmoja

Jirani yangu wa Mtongwe, mama anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, alikuwa na beberu aliyemwita Waziri, kwa sababu hakuna alichokataa kula. Mtaa mzima ulimsifu kwa unene. Tumbo lilitangulia, pembe zikafuata. Siku moja Waziri akaacha mahamri yaliyoungua, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasimama kivulini miguu imetanuka.

Watu wakaja. Wa kwanza alisema ni jicho. Wa pili akasema ni gesi, apewe mafuta ya kupikia, akapewa. Wa tatu akashauri atembezwe mpaka barabarani na kurudi, akatembezwa, yaani akavutwa. Daktari wa mifugo alifika na bodaboda saa nane mchana. Alibonyeza, akapiga kofi, akaweka sikio, akarudia upande wa pili, akanyamaza kwa muda ambao mama hakuupenda.

"Mama, tumbo la kwanza limejaa kitu kisichosagika. Ni kitu gani, siwezi kukuapia. Laiti ingekuwepo mashine ya kumtazama ndani."

"Mashine iko wapi, mwanangu?"

Daktari alinyoosha kidole upande wa kivukoni. "Ng'ambo. Ya watu."

Mama akamtazama Waziri. "Na huyu si mtu."

"Naweza kumpasua nikamsafisha. Akipona, atapona."

"Asipopona?"

Kwa wasiojua haraka ya hapo, kuna ngeli ya tatu ambayo wanasarufi wameisahau. Mnyama akifa mwenyewe kabla ya kisu hawi tena huyu, na nyama yake haiwi nyama. Ni nyamafu, haliliwi, haliuzwi, linachimbiwa shimo. Kwa hiyo mlango wa Mvuko una saa, na saa hiyo haionekani popote isipokuwa kwenye macho ya mnyama. Ndugu wa binadamu aliyelazwa hungoja picha. Mwenye mbuzi anangoja nini?

Mama alijifunga leso vizuri, akamgeukia mwanawe. "Kamwite maalim, mbio. Nyama hii isije ikatuharibikia."

Nilisikia kwa masikio yangu mawili: nyama hii. Waziri alikuwa bado amesimama, sikio moja limeinuka, anamwangalia.

Kilichofuata kilichukua dakika chache, na baada yake kila mtu akawa mtaalamu. Tumbo la kwanza lilipopasuliwa lilitoka donge la plastiki lililosokotana, gumu, la ukubwa wa kichwa cha mtoto: mifuko, vifuko vya maziwa, vipande vya gunia la unga, na kamba ya manila ya kijani, ndefu kupita mkono. Aliyesema ni jicho akasema, "Si niliwaambia ana kitu tumboni?" Aliyetoa wazo la mafuta alieleza kwamba mafuta ndiyo yaliyolilainisha mpaka likatoka, ingawa lilitoka kwa kisu. Daktari alikagua ini na mapafu, akasema nyama ni salama, akanawa mikono.

Mimi nilikuwa nikitazama mifuko. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Waziri alizaliwa baada ya hapo, kwa hivyo alikuwa mhalifu tangu kunyonya. Na kuna jambo lingine nililoligundua baadaye, linalopaswa kuwasikitisha wanaoamini mashine kuliko jirani. Plastiki ya mifuko ile, kwenye kipimo cha Hounsfield, husoma karibu -100. Namba ile ile ya mafuta. Umbo la donge na hewa iliyonaswa ndani yake vingemzindua msomaji wa picha, hatukatai, lakini kwa namba tupu mashine ingekubaliana na mtaa mzima wa Mtongwe: Waziri amenona.

Nyama iligawanywa kabla ya magharibi. Kamba ya manila mama hakuitupa. Aliisugua kwa sabuni na mchanga, akaianika kwenye ua, na Jumatatu nilimkuta amemfungia mbuzi mpya.